Gari Lisilo na Tope

Nikiwa likizo nyumbani Kwamkoro, niliunda kwa vitofali vya plastiki gari dogo: Datsun 240Z, aliyoshinda nayo Shekhar Mehta Safari Rally ya 1973. Udogo unalazimisha kuacha mengi. Niliacha vioo vya pembeni, nikaacha na tope.

Mdogo wangu, anayeijua barabara yetu wakati wa masika, akauliza, "Kaka, hili lilishindana kweli?"

Mehta alikulia Uganda, ambako Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972. Nadhani kufupisha kunakuwa uongo tunapobakiza kombe na kufuta kilicholigharimu.

Nikabadilisha vitofali vya chini, nikaweka vya kahawia. Kufukuzwa hakuna kitofali chake. Hilo nilimsimulia mdogo wangu kwa mdomo.