Ukumbusho Ni wa Nani?

Je, msomaji, ni haki alama ya dini moja kusimama juu ya ukumbusho wa umma? Huko Bladensburg, Marekani, msalaba wa mwaka 1925 wawakumbuka askari 49 wa Vita Kuu ya Kwanza. Baadhi ya raia walishtaki kwamba wapendelea Wakristo. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaamua ubaki.

Katika vita hiyo hiyo Wakamba wengi walibeba mizigo ya jeshi, wasirudi. Wengine wao walimwomba Mungu penye ithembo, mahali pa ibada za mababu. Sanamu ya Nairobi ya mwaka 1928 yawakumbuka wapagazi bila msalaba.

Sheria yaweza kuuacha msalaba wa kale. Lakini tukijenga ukumbusho Mwingi, tujiulize: je, mtoto wa kila marehemu atasema, "Hapa baba yangu amekumbukwa"?