Maji ya Kichwa cha Nani?

Mkumbuke kinyozi wa chini ya mwembe, wembe mkononi, bakuli la maji pembeni. Anayesubiri zamu huchota maji akajilowesha nywele mapema, zilainike, asikwaruzwe. Ndiyo picha ya methali yetu: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Wengi huifafanua kuwa wito wa tahadhari, na hawakosei. Ila methali haisemi mzuie kinyozi, wala haisemi mpe mwenzako maji. Yote yanakwenda kichwani mwako. Yule anayenyolewa kikavu anabaki vilevile, damu ikimchuruzika sikioni.

Nililiwaza hilo Novemba 2022, Bunge la Kenya lilipoidhinisha askari zaidi ya 900 kwenda mashariki mwa Kongo katika kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kongo ilikuwa imejiunga na Jumuiya mwaka huohuo. Hoja ilikuwa ileile ya methali: moto wa vita vya Kivu, huko mashariki mwa Kongo, ukiachwa, utavuka mipaka, utagusa usalama na biashara zetu. Ni hoja ya kweli.

Lakini watu wa Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, walikuwa na tumaini jingine. Mji ule umekaa juu ya mawe meusi ya volkano. Vijana husukuma chukudu, vyombo vya mbao vya magurudumu mawili, zilizosheheni viazi na makaa, na sokoni watu hupatana bei kwa Kiswahili. Waliposikia jeshi la ndugu linakuja, walielewa kwamba linakuja kuuondoa wembe. Kumbe kikosi kiliishia kukaa katikati, kikitarajiwa kusimamia kundi la waasi la M23 liyaachie maeneo liliyoyateka, huku mazungumzo yakiendelea. Februari 2023 wananchi waliingia barabarani kwa hasira, wakiona wageni hawapigani. Desemba kikosi kikaondoka, kikaja kile cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Mwishoni mwa Januari 2025, M23 ikauteka Goma.

Askari siwalaumu, walitumwa. Ninacholaumu ni msaada kupimwa kwa kichwa cha anayeutoa. Msaada wa hivyo huisha pale nywele za msaidizi zinapolowa, hata kama wembe bado uko kazini. Wahenga walituachia kipimo kingine: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hapo dhiki inayohesabiwa ni ya mwenzako.

Basi serikali ikija tena bungeni kuomba idhini ya namna hii, natamani mbunge mmoja asimame aulize: mama aliyekimbia vita kule Kivu akalala chini ya turubai, ameulizwa anahitaji nini?