Bei ya Kazi

Katika mashamba ya chai ya Kericho, achumaye kwa mkono hulipwa kwa uzito wa majani aliyoyachuma. Mzigo wake ukitundikwa, mizani haiulizi kama mikono iliyoujaza ni ya mwanamume au ya mwanamke. Hutaja kilo, na karani huandika. Kwa nini basi, kazi ikiwa ya akili na kalamu, isiyopimika kwa kilo, watu huanza kumpima mfanyakazi badala ya kazi yake?

Jawabu la zamani ni kwamba mwanamume ana nyumba ya kutunza, na mwanamke hutunzwa. Neno hili lilishika mizizi hata kwa wasomi. Wangari Maathai, aliyepata shahada ya uzamifu mwaka 1971, alifundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na huko alikuta kuwa wanawake hawapewi marupurupu sawa na wanaume. Mke aliyeolewa alidhaniwa kuwa atapata makao kwa mumewe. Yeye na mwenzake mmoja walidai usawa miaka hiyo ya sabini. Walidai, wala hawakuomba hisani.

Na tulipime neno lenyewe. Ikiwa kweli ujira hufuata mzigo wa nyumbani, basi mjane mwenye watoto watano angalilipwa zaidi ya kijana mseja alalaye kwa mamaye na kula chakula asichokinunua. Ni ofisi gani iliyopata kufanya hivyo? Mimi sijaisikia. Kanuni inayokumbukwa wakati wa kumpunguzia mwanamke, na kusahauliwa wakati wa kumwongezea, si kanuni bali ni kisingizio kilichovishwa kanzu. Mshahara ni bei ya kazi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Litazameni vema neno hilo, thamani. Bila ya neno hilo ingekuwa rahisi kumwita mmoja msimamizi na mwingine msaidizi, kisha kuwapa kazi ile ile na mishahara mbalimbali.

Tena, wapangao mishahara ni wale waliokaa mezani. Katiba ya mwaka 2010 inasema kuwa katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, watu wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili. Mwezi wa Septemba mwaka 2020, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kulitimiza sharti hilo. Bunge halikuvunjwa.

Wako wasemao kwamba uongozi usigawanywe kwa hesabu, apewe anayeuweza. Nakubali kuwa apewe anayeuweza. Lakini uwezo huo utajulikanaje kwa mtu asiyejaribiwa? Grace Onyango alikuwa meya wa Kisumu mwaka 1965, na mwaka 1969 wapiga kura wakamchagua kuingia Bungeni, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa hivyo nchini. Walikuwa wamekwisha kumwona kazini.

Nanyi wanafunzi msidhani kuwa mambo haya yanawangojea ofisini tu. Zigawanywapo kazi za chumba chenu cha darasa, ni nani hufanywa kiranja, na ni nani hupewa ufagio?