Kupokea si Kusikia

Sidhani kama yuko kati yetu tulio ughaibuni ambaye hajawahi kupeleka barua ofisini na kurudishiwa nakala iliyogongwa muhuri: IMEPOKELEWA. Unaikunja ile nakala, unaitia mfukoni, unatoka umeridhika. Miezi inapita. Ukirudi kuuliza, unaambiwa barua yako ipo, iko kwenye faili. Hakuna aliyesema uongo, barua kweli ilipokelewa. Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: je, mtu aliyepokea habari na asibadilike kwa lolote, ametimiza wajibu wake?

Nitalitazama swali hili mahali pawili: ndani ya mwili wa binadamu, na katika Jacobs, eneo la viwanda kusini mwa jiji la Durban, Afrika Kusini.

Tuanze na mwili. Seli za kinga hazina mdomo wala masikio. Hupashana habari kwa kutumia protini ndogo ziitwazo saitokini. Mojawapo ni intalukini-4, yenye asidi amino 129 tu. Mjumbe huyu huelea katika majimaji ya mwili hadi akutane na seli yenye kipokezi chake, yaani protini nyingine iliyochomoza kwenye utando wa seli. Maumbo yao huingiana, na chaji za upande mmoja huvutana na za upande wa pili, hata wakishashikana hawaachani upesi.

Mtu angedhani kazi imekwisha. La hasha. Mkono huo wa kwanza wa kipokezi hauwezi peke yake kuipitisha habari ndani. Lazima uje mkono wa pili, nao umguse mjumbe aliyekwisha kushikwa. Mikono miwili ikikaribiana, vimeng'enya vilivyo upande wa ndani huamshana, kisha huiamsha protini iitwayo STAT6, ambayo huingia hadi kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni fulani. Sasa seli inafanya jambo ambalo haikuwa ikilifanya. Hapo ndipo tunaweza kusema imesikia.

Mjumbe huyu ana nduguye, intalukini-13. Huyu naye ana vipokezi vyake, na kimojawapo humkamata kwa nguvu kuliko vingine, lakini mkia wake wa ndani ni mfupi. Kwa muda mrefu wataalamu wamekihesabu kuwa ni chambo: kinammeza mjumbe ili habari isifike. Mwili una sababu njema ya kuwa nacho, maana kelele nayo huhitaji kupunguzwa. Lakini niliposoma habari zake, niliukumbuka ule muhuri.

Kazi ya asili ya wajumbe hawa wawili ni kuukinga mwili dhidi ya minyoo. Wakizidi katika mapafu, huleta pumu: njia ya hewa huvimba, ute hujaa, misuli hubana. Moshi na vumbi laini huweza kuchangia, kwa kuwa utando wa njia ya hewa ukijeruhiwa hutoa protini za tahadhari zinazowachochea wajumbe hao. Si kila pumu hupitia njia hii, lakini nyingi hupitia.

Sasa twende Jacobs. Eneo hili limepakana na Clairwood, Wentworth na Bluff. Utawala wa ubaguzi uliwagawa watu wa upande huu wa jiji kwa rangi: machotara Wentworth, Wahindi Merebank, Waafrika Lamontville, na viwanda vikawa katikati yao. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Wentworth kilianza mwaka 1954, na kingine, SAPREF, kilifuata katika miaka ya 1960. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Natal na wenzao wa Michigan waliwapima wanafunzi wa shule ya msingi ya Settlers, iliyoko Merebank. Zaidi ya nusu ya watoto waliopimwa walionekana kuwa na pumu ya kiwango fulani.

Wakazi walikuwa wamelalamika miaka mingi kabla ya hapo, na malalamiko yao yalipokelewa. Mwezi Machi 1995 Rais Mandela alikuwa njiani kwenda kufungua upanuzi wa kiwanda cha Wentworth. Aliwakuta wakazi wakiandamana, akasimama, akazungumza nao, kisha akataka pande zote zikae pamoja. Huo ulikuwa mkono wa pili. Mpango wa serikali wa kupunguza uchafuzi wa hewa kusini mwa Durban ulitangazwa mwaka 2000, vituo vya kupima hewa vikawekwa, na gesi ya salfa angani ikapungua. Matatizo hayakwisha: tarehe 4 Desemba 2020 kiwanda hicho cha Wentworth kililipuka. Hata hivyo, tofauti kati ya barua iliyo kwenye faili na barua iliyowasha kitu inaonekana wazi.

Pengine utaniuliza: kwani hakuna dawa? Ipo. Dupilumabu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2018 kutibu pumu, ni kingamwili inayokaa juu ya ule mkono ambao intalukini-4 na intalukini-13 wote wawili huuhitaji. Mjumbe hufika akakuta mlango umezibwa. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Je, tumemkosea?

Kwa maoni yangu, mtoto asiyeweza kupumua usiku hapaswi kusubiri hoja zetu. Apewe pampu yake, na dawa hiyo ikihitajika na kupatikana, maana ni ghali mno, apewe. Kumnyamazisha mjumbe ili mgonjwa apone ni huruma. Kosa linaanza pale tunapomponya mtoto halafu tukahesabu kwamba deni la moshi limelipwa. Habari ilikuwa na mtumaji, na mtumaji bado yupo.

Hapa ndipo mfano wa seli unapokoma. Seli haina hiari. Mkono wa pili ukiwapo na kila kitu kikiwa sawa, itasikia tu, hata kama kusikia huko kunauumiza mwili. Mwenye muhuri ana hiari. Anaweza kuuleta mkono wa pili au kuuzuia. Kwa hiyo kosa la kiungo lina tiba, lakini halina lawama. Kosa la mtu aliyesoma malalamiko akayaweka kando lina lawama, na lawama hiyo inaongezeka kadiri anavyojua zaidi.

Nasi tusijitoe. Durban ina Wakongo, Warundi na Watanzania wengi wanaozungumza Kiswahili, na wako wanaosema mikutano ya hewa ni mambo ya wenyeji. Upepo hauulizi kibali cha kuishi. Tena fikiria simu tunazopigiwa kutoka nyumbani, au na jirani mpya aliyekosa pa kulala. Tunasema "pole sana, ndugu yangu", na tunaisema kwa moyo. Kisha tunakata simu na kuendelea kama tulivyokuwa. Tumeshika habari kwa nguvu, tena hatuisahau, lakini ndani hakuna kilichowaka.

Sisemi kila wito ujibiwe kwa nguvu zote. Mwili unaojibu kila kitu kwa kishindo ndio huo wenye pumu. Nasema tu kwamba tukishaambiwa jambo, tujiulize kabla ya kulala: ni kitu gani nitakachofanya kesho ambacho nisingekifanya kama nisingeambiwa? Kama hakipo hata kimoja, hata kidogo, basi tumepokea tu.