Kisu cha Mfukoni

Katika milima ya Savoie, nchi ya Ufaransa, Joseph Opinel alianza mwaka 1890 kufanyiza kisu cha kukunja chenye mpini wa mti. Mwaka 1955 kiliongezwa pete ya chuma, bapa lisije likajikunja na kukata vidole. Wako watu wavikusanyao kwa ukubwa wake, nao huchukua kimoja tu mfukoni kila siku. Sisi nasi tunavyo vinne, na vitatu, twaungama, havijakata hata muhogo. Je, tusichokitumia ni chetu kweli, au sisi tu walinzi wake? Jirani alipotuomba kimoja cha kuchunia mbuzi, tulisita. Tukampa kile kilichochakaa, tukavificha vilivyo vipya. Jioni kilirudi, nacho kikali kuliko tulivyokitoa.