Ikhlasi ya Mwalimu na Haki ya Mwalimu

Kila inapotajwa shida ya walimu katika mabaraza yetu, hapakosi mtu wa kusema ya kuwa mwalimu wa kweli hatafuti mali. Kazi yake ni ya Mwenyezi Mungu, na malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu. Neno hili lina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo si jepesi kulijibu. Lakini yatupasa tuulize: alisemaye hulisema kwa kumtukuza mwalimu, au kwa kujiondolea deni?

Basi swali letu ni hili: Je, ikhlasi ya mtu katika kazi yake yamwondolea haki ya kupumzika, ya kulipwa na ya kuangaliwa hali yake?

Tuitazame kwanza hali ilivyo. Wako walimu katika miji yetu, Mombasa na Malindi na Lamu, ambao asubuhi husomesha skuli, alasiri husomesha chuoni, na usiku husahihisha madaftari. Ada ya skuli za msingi ilipoondolewa mwaka 2003, wanafunzi wa Kenya waliongezeka kutoka kama milioni 6 hata kupita milioni 7 kwa muda mchache. Hiyo ilikuwa neema kubwa kwa watoto wa maskini. Lakini walimu hawakuongezeka kwa kadiri hiyo, na mzigo ulioongezeka uliwashukia wao. Mwalimu wa chuo naye hutegemea ada ndogo ya wazee. Mzee akichelewa, mwalimu hungoja. Chuo kikifungwa, mara nyingi na riziki hufungwa. Nasi twapita, twamwamkia, twaona ni mzima. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mtu aliyelemewa hivi hubadilika. Usingizi humruka, hasira humkaribia, na kazi aliyoipenda humchukiza. Mwaka 2019 Shirika la Afya la Ulimwengu lilieleza uchovu wa namna hii kwa dalili tatu: nguvu kwisha, moyo kuitenga kazi, na mtu kuona ya kuwa afanyalo halizai tena. Shirika hilo halikuuhesabu uchovu huo kuwa maradhi. Liliuita jambo litokanalo na kazi yenyewe, pale mashaka yake yanapodumu bila ya kupunguzwa. Tafauti hii ni kubwa. Ikiwa chanzo ni kazi ilivyopangwa, basi kumwambia mwalimu asubiri hakutoshi; yampasa aliyeipanga kazi aitazame upya. Na tusiangalie, atakayelipa kwanza ni mtoto, kwa kuwa fimbo ya mwalimu aliyechoka haichagui.

Pengine mtu atasema ya kuwa udhaifu huu ni wa walimu wa leo. Na amtazame Imamu Ghazali. Mwaka 1091 alipewa kiti cha kusomesha katika madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad, naye ni mtu wa miaka thelathini na kitu. Mwaka 1095 ulimi wake ulifungika. Yeye mwenyewe ameeleza katika Al-Munqidh ya kuwa alikuwa akijikaza asomeshe japo siku moja ili awaridhishe wanafunzi wake, na neno lisitoke. Hata chakula kikawa hakishuki. Matabibu wakasema ya kuwa jambo limeanza moyoni likaenea mwilini, na kwamba hapana dawa mpaka moyo upumzike. Akaondoka Baghdad, ndugu yake Ahmad akakaa mahali pake, na kama miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1106, akarudi kusomesha huko Nishapur.

Ni kweli kwamba lililomlemea Imamu halikuwa uchache wa mshahara. Alikuwa akipigana na nia yake, akihofu ya kuwa asomesha kwa ajili ya jaha. Lakini humo tunapata mafunzo mawili. La kwanza, ilimu haimkingi mtu na kuvunjika. Hata bahari ya ilimu ilihitaji kupumzika, na akapatikana wa kuishika nafasi yake. La pili, ikiwa Ghazali mwenyewe aliitilia shaka ikhlasi yake, sisi tuliokaa barazani twapataje kuipima ikhlasi ya mtu mwengine, tena tuipime kwa uchache wa tunachompa?

Hapa ndipo jawabu linapodhihiri. Ikhlasi ni baina ya mwalimu na Mola wake. Haki ni baina ya mwalimu na sisi. Haya ni madeni mawili, na kulipwa moja hakufuti la pili. Mtu akikukaribisha kwake kwa moyo safi, ukarimu wake haukupi ruhusa ya kula mpaka watoto wake walale na njaa. Bali kila anayetoa kwa moyo, ndivyo ilivyo aibu zaidi kumdhulumu.

Wanavyuoni waliokwisha pita waliliona jambo hili. Wa mwanzo katika madhehebu ya Hanafi walikataza ujira wa kusomesha Kurani; waliokuja nyuma wakaujuzisha, wakieleza ya kuwa walimu wa zamani walikuwa wakipewa riziki na Baitul-mali, na riziki hiyo ilipokatika ikahofiwa Kurani isipotee kwa kukosa wa kuisomesha. Sisi wa Shafii ujira huo kwetu ni halali tangu hapo. Tazameni basi: hata aliyekataza ujira alikataza mwalimu akiwa ana pa kula. Wa barazani kwetu ameshika katazo, ameiacha riziki.

Wengine hutaja wazee wetu waliosomesha juu ya mkeka bila ya kunung'unika. Ndiyo, lakini chuo cha zamani kilikuwa na ada zake: kipaji cha khitma, na mapumziko ya Alhamisi na Ijumaa. Na Ibn Sahnun wa Kairawan, aliyefariki mwaka 870, alitunga kitabu kizima juu ya adabu za walimu, na humo akazungumza habari za ujira wao na siku zao za kupumzika. Basi haki hizi si bidaa iliyoletwa na zama zetu.

Litabaki neno la umaskini, nalo ni neno la kweli. Lakini si kila haki hununuliwa kwa fedha. Kumlipa mwalimu kwa siku inayojulikana, hata kikiwa kidogo, ni jambo la nidhamu. Kuweka mpaka wa idadi ya watoto katika chumba kimoja ni jambo la kukata shauri. Kuwa na naibu wa kumshikia siku ya ugonjwa au msiba ni jambo la kupanga. Kuacha kumkemea mbele ya mtoto wake wa chuoni ni jambo la adabu. Na penye haja ya fedha, tukumbuke ya kuwa Nidhamiya ilisimama kwa wakfu, na pwani yetu si ngeni kwa wakfu. Twauweka kwa misikiti, na ni kheri. Kodi ya duka moja ikiwekwa kwa walimu wa mtaa nayo ni kheri. Na anayesema hana, na aikumbuke gharama ya harusi yake ya mwisho.

Wahenga walisema, punda afe, mzigo wa bwana ufike. Walilisema kwa kuwacheka mabwana wa namna hiyo, si kwa kuwafundisha. Na mzigo tuliomtwika mwalimu ni watoto wetu wenyewe. Akianguka njiani, ni nani atakayewafikisha?

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kutekeleza haki za wanaotusomeshea watoto wetu. Amin.