Kesi ya Asiyekuwepo

Kule Nchiru, kando ya barabara itokayo Meru kwenda Maua, ipo nyumba ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru. Desturi ya baraza ni nyepesi kueleza na ngumu kushika: neno halikatwi kabla pande mbili hazijasikilizwa. Masikio mawili yaliyojaa maneno ya mtu mmoja ni sikio moja.

Biashara nayo ni kesi. Kila bei ni hukumu juu ya jasho la mtu. Kwa hiyo anayetaka kuupima utawala wa ng'ambo asianzie kwenye shilingi. Aulize kwanza: hukumu ilipotolewa, nani hakuwepo?

Waingereza waliweka kituo chao Meru mwaka 1908. Baada ya kituo ilifuata kodi ya nyumba, na kodi ilitaka fedha. Udongo mwekundu wa Mlima Kenya ungeweza kuizaa fedha hiyo, maana kahawa huupenda. Lakini kahawa ilitaka leseni, na leseni ilikuwa ya walowezi. Kodi ikamsukuma mtu kutoka nyumbani, katazo likamfungia shamba lake, na njia iliyobaki wazi ikaelekea kwenye shamba la mlowezi, kwa ujira uliopangwa na mlowezi. Mwenye nguvu aliye stadi habebi kamba. Huziba njia zote isipokuwa moja, kisha husema umeichagua mwenyewe.

Katazo halikukosa sababu. Ilisemwa kwamba Mwafrika angeeneza magonjwa ya mibuni, kwamba wizi wa kahawa ungezidi, kwamba ubora ungeshuka. Sababu hizo zingekuwa na uzito kama zingevuka mpaka. Ng'ambo ya pili, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wachaga walilima kahawa chini ya Waingereza hao hao, na kufikia mwaka 1925 walikuwa wameunda chama chao cha wakulima. Ugonjwa wa mbuni hausomi ramani. Kilichotofautiana ni sauti: Kenya, walowezi walikuwa wakichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria tangu mwaka 1920, ilhali Mwafrika wa kwanza kuketi humo, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka 1944. Kwa miaka yote hiyo mlima ulihukumiwa bila kuitwa.

Katika miaka ya 1930 mlango ulifunguliwa kidogo. Wakulima wachache wa Meru, Embu na Kisii, mbali na mashamba makubwa ya walowezi, waliruhusiwa kujaribu vishamba vya kahawa chini ya uangalizi. Mlango ulipanuliwa hasa mwaka 1954, kwa mpango wa Swynnerton, mpango wa serikali ya kikoloni wa kuendeleza kilimo cha Waafrika. Mwaka huo mkulima hakuwa ameamka na mikono mipya. Kilichobadilika ni kwamba hali ya hatari ilikuwa imetangazwa, na vijana walikuwa wameingia misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua kupigana na serikali hiyo. Aliyenyimwa kigoda barazani hatimaye hutafutwa msituni, na kumtafuta huko ni ghali kuliko kigoda.

Hapa mtu angeweza kufunga kitabu na kusema: mgeni alidhulumu, mgeni akaondoka. Lakini tabia haipandi meli na mwenyewe. Baada ya uhuru sheria ilimkataza mkulima kung'oa mibuni yake bila idhini, hata bei iliposhindwa kulipia mbolea. Babu alizuiwa kupanda. Mjukuu akazuiwa kung'oa. Na mwaka 2014 Uingereza ilipopiga marufuku miraa, mchumaji wa milima ya Nyambene, huko huko Meru, aliamka akiwa na majani mabichi mkononi na soko lililofungwa nyuma ya bahari. Waliofunga huenda walikuwa na hoja zao; kila nchi hulinda mlango wake. Hata hivyo, mwenye kutegemea soko la mwingine ana bwana, ajapokuwa na bendera yake.

Tukisogea karibu zaidi tunafika uani. Mara nyingi mke ndiye huamka alfajiri kuchuma kahawa mbivu, akaibeba mgongoni hadi kiwandani na kusubiri mizani. Malipo yakitoka, huingia kwa jina la mwenye shamba, na kwa kawaida mwenye shamba ni mume. Ada ya shule, mabati ya nyumba, deni la duka, vyote hukatiwa shauri na aliyeshika karatasi. Mume huyo si mtu mbaya. Ana sababu zake, kama walowezi walivyokuwa na zao: kwamba yeye ndiye mjuzi wa hesabu, kwamba mwingine angepoteza.

Dola kubwa ni tabia ya kawaida iliyopata meli. Mwanadamu hujiona mwadilifu kwa urahisi akihukumu peke yake, kwa sababu hakuna wa kumbishia. Ndiyo maana wazee wa Nchiru hawakuutegemea wema wa hakimu. Walidai pande zote mbili zifike. Na jioni ile kahawa inapolipwa, kabla ya fedha kuhesabiwa mezani, inatosha kutazama viti na kuona kipi kiko kitupu.